Picha ya Kusindikiza

Mkunya, Newala
28 Oktoba 1957

Picha yako nimeitengeneza, Cecil mwanangu, sasa haina doa hata moja!

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mama yako mdogo Isabela na nyumba yake hawajambo? Huku sote wazima, korosho zimeanza kuanguka, na baba yako bado anakohoa akitaka kusema jambo.

Bahasha yako Hamidu wa lori la korosho aliileta Ijumaa. Sikuingia nayo ndani. Niliifungua pale pale barabarani mbele za watu, maana mwenye mtoto wa kamera hapa Mkunya ni nani zaidi yangu? Nikamwona dada yako Emilia juu ya baiskeli yake, gauni jeupe la kliniki, mkoba wa dawa kwenye keria, hata vifungo unavihesabu. Na ametoa ncha ya ulimi pembeni, kama afanyavyo tangu utoto akiwa na haraka. Nikapiga kigelegele mpaka Mama Somoe akaacha cherehani akaja mbio.

Lakini mwanangu, huko nyuma! Mikorosho imekuwa michirizi. Kanisa letu, ambalo babu yako alibeba mawe yake kichwani, limevutika kama uji uliomwagika mezani. Mama Somoe akasema, "Mama Cecil, mwanao alishikwa na chafya." Watu wakacheka. Mimi nichekwe? Kwa picha ya mwanangu?

Nikamwambia, "Lete huo mkasi wako wa kukatia kanzu." Nikamkata Emilia pole pole, nikazunguka kofia, nikazunguka mkoba, nikazunguka magurudumu mawili, kazi ya tangu mchana mpaka jua kupoa. Nikambandika kwa uji mzito wa muhogo juu ya kadi nyeupe. Ile mikorosho iliyoharibika nikaitia motoni.

Na kile kipande chembamba ulichokifunga pamoja na picha, sijui nani alikuwekea. Nilikiinua kwenye jua nikashtuka. Emilia uso mweupe, nywele mvi tupu, na gauni lake jeupe limegeuka jeusi kama la mjane. Msichana wa miaka ishirini! Nikasema hiki si kitu cha kuweka katika nyumba iliyobarikiwa na Padri. Nacho nikakitia jikoni. Kilinuka vibaya sana, nikajua nimefanya vema.

Emilia mwenyewe hajayaona haya, ameshakwenda Lindi kwenye mafunzo ya ukunga mpaka karibu na Krismasi. Baiskeli yake iko chumbani kwangu, nimeifunika shuka kama bibi harusi.

Picha naileta kwa Hamidu huyo huyo. Mpe fundi wako Muharami, umwambie kwamba kipaji hiki hukukiokota njiani. Baba yako ameitazama, akasema, "Hm." Unamjua.

Mimi mama yako akupendaye,
Julia, Mama Cecil

*

Masasi
1 Novemba 1957

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa baba.

Bahasha nimeipokea. Barua hii nimeianza mara tatu, hii ndiyo ya nne. Ahsante kwa kazi ya mkasi. Sijawahi kuona mtu akikata kuzunguka gurudumu bila kugusa tairi.

Mama, nilikosa mimi kwa kutokueleza. Nilituma picha ili baba aione kisha irudi. Kile kipande chembamba ndicho kinachozaa picha. Kila kitu hukaa humo kinyume, cheupe cheusi na cheusi cheupe, na ukikipitisha mwanga juu ya karatasi mambo hurudi yalivyo. Nilikituma kwako kwa sababu hapa mchwa wanakula hata vitabu vya sala. Ni kama mbegu, na mbegu ilikuwa moja.

Nimekwisha kukuambia kwamba fundi Muharami anahamia Mtwara mwisho wa mwaka. Sikukuambia hili: duka la Masasi, kamera kubwa na chumba cha giza atamwachia mmoja wetu, mimi au Cuthbert, mwanafunzi mwenzangu. Kila mtu ataweka mezani picha moja, Jumamosi tarehe 30 Novemba. Amesema, "Sitaki mtu aliyesimama, aliyesimama hata mkwe wangu anampiga. Nileteeni anayekwenda, nami nimwone anakwenda." Nikikosa, baba ameshaniandikia kwamba nafasi ya ualimu iko tayari Makote, kuanzia Januari.

Fundi huiita picha ya kusindikiza. Mtu akipita barabarani, humngoji na kamera iliyotulia. Unampokea angali mbali, unageuka naye, kiuno na mabega, kwa mwendo wake yeye. Unabonyeza huku bado unageuka. Na ukishabonyeza huachi, unamfuata mpaka apotee, kama vile usivyomwachia mgeni mlangoni ukafunga. Ukienda naye sawasawa, yeye anatulia ndani ya filamu, na vile vilivyosimama ndivyo vinavyokimbia. Ile michirizi, mama, ndiyo mbio zenyewe.

Fundi alimtazama Emilia wako wa kadi akasema, "Huyu binti ametundikwa. Nani amemwibia barabara?" Sikumwambia ni wewe. Nilimwambia ni panya. Akasema, "Panya huyo ana mkono wa fundi."

Usihuzunike. Nitapiga nyingine.

Mwanao mtiifu,
Cecil

*

Mkunya
6 Novemba 1957

Cecil mwanangu,

Marahaba. Mimi si panya.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini. Sikumsomea baba yako ile sehemu ya mbegu. Mama Somoe nimemsomea, maana mkasi ni wake. Akasema, "Basi tumemchoma mtoto wa watu duka lake." Nikamwambia nyamaza, duka la mwanangu haliungui kwa jiko la mama yake.

Nawe usiniandikie kama mtu anayetoa rambirambi. Tangu lini shamba likakosa msimu kwa mbegu moja? Piga nyingine! Masasi yote ina magurudumu. Wewe ni yule yule uliyezaliwa njiani, nikipanda kutoka bondeni na mtungi wa maji kichwani, na maji sikuyamwaga. Anayebisha aje aniulize, wenzangu waliokuwepo bado wako hai. Mtu aliyeanza hivyo hawezi kushindwa na vitu vinavyokwenda.

Hayo maneno ya kusindikiza nimeyapenda. Kumbe kamera nayo ina adabu.

Nina swali dogo, nauliza tu. Mtu anayepanda baiskeli, anaanza na mguu gani?

Mama yako,
Julia

*

Masasi
13 Novemba 1957

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Mambo hayaendi. Tatizo si kamera, ni heshima ya watu wetu.

Juzi karani wa boma alinijia barabarani kwa kasi nzuri kabisa, nikaanza kugeuka naye. Aliponiona akapiga breki, akashuka, akavua kofia, akasimama kando ya baiskeli kama anafunga nayo ndoa, akaacha kupumua. Nikamwambia, "Bwana, endelea tu!" Akajibu bila kufungua midomo, "Piga kwanza."

Nikaenda uwanja wa mpira. Mshambuliaji akaachana na mpira akakunja mikono kifuani. Golikipa naye akaja kusimama karibu yake. Nikawafuata akina mama wanaotoka kisimani, wote wakatua ndoo, wakafunga upya khanga, wakajipanga kwa urefu. Nikajificha nyuma ya kibanda, mbwa akanibwekea, watu wakageuka, wakasimama. Wamefundishwa kwamba mbele ya kamera hata nzi usimfukuze, utaharibu. Emilia nilimpata kwa sababu alikuwa akiitwa kwa mzazi huko Mnyambe, hakuniona kabisa.

Nimemaliza filamu mbili zilizojaa watu wima kama nguzo. Nimebakiwa na picha nne tu, na fundi amesema hatoi filamu nyingine kabla ya siku yenyewe. Cuthbert amepiga lori la Hamidu likipita. Limetoka safi, namba zote zinasomeka.

Hamidu anasema alikuona unachechemea. Mbona hukuniandikia? Na ulipouliza habari ya mguu: wa kushoto unakanyaga pedali, wa kulia unasukuma chini, kisha unakaa. Lakini unataka kujua kwa nini? Kama unafikiria kuiuza baiskeli ya Emilia kwa ajili yangu, nakusihi usifanye.

Mwanao,
Cecil

*

Mkunya
18 Novemba 1957

Mwanangu Cecil,

Salamu katika Bwana. Naandika bila mama yako kujua.

Nina mashaka na afya yake. Kila siku baada ya chakula cha mchana hutoka na Mama Somoe kwenda uwanja wa shule, saa ambayo watoto wote wako mashambani wakiokota korosho. Hurudi ana mchanga mgongoni. Wiki iliyopita ilikuwa goti, juzi kiwiko, jana kidevu. Nikimwuliza hujibu, "Mbuzi." Sisi hatufugi mbuzi.

Nadhani ameshikwa na maradhi ya kuanguka, naye anayaficha ili wewe usiache shughuli zako. Usingizini husema, "Usiniachie, usiniachie." Mimi humshika mkono nikamwambia simwachii. Hanisikii.

Njoo umwone. Uje na vyeti vyako vya shule, tumalize pia habari ya Makote. Kazi ya ualimu haimwangushi mtu.

Baba yako,
Mwalimu Bartholomayo

*

Mkunya
19 Novemba 1957

Cecil,

Najua baba yako amekuandikia, nimeona wino kidoleni mwake na leo si siku ya kuandika mahubiri. Usimsikilize. Maradhi niliyonayo ni yale yale ya siku zote, sipendi kushindwa.

Sasa fanya nitakavyokuambia, usiulize. Njoo Jumamosi hii, tarehe 23, na hizo picha zako nne. Saa tisa alasiri simama ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa kanisa, pale inapoanza kuteremka. Jua litakuwa mgongoni mwako. Nimelichunguza siku tatu, hakuna mkorosho utakaokutilia kivuli. Kanisa litakuwa nyuma, na safari hii livute utakavyo, babu yako nimeshamwomba radhi.

Watu watakuwepo, siwezi kuwazuia. Nimewaambia mwanangu anakuja kupiga picha, basi watavaa. Waache wasimame wanavyojua. Wewe tazama upande wa juu.

Baiskeli haijauzwa. Kidevu kimepona.

Anayesindikiza na awe tayari, mgeni hatasubiri.

Mama yako

*

Masasi
1 Desemba 1957

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Ufunguo wa duka uko mfukoni mwangu ninapoandika.

Jumamosi ile niliondoka na Hamidu upesi kuiwahi filamu kuiosha, nikakuacha unapakwa iodini, sikukuambia hata neno moja la maana. Sasa sikia upande wangu.

Nilisimama ulipotaka. Mkunya yote imejipanga mbele ya kanisa, baba katikati na koti lake la Pasaka, wote wamekaza shingo wakidhani nimekuja kwa ajili yao. Kisha nikasikia kengele ya baiskeli huko juu, na sauti ya Mama Somoe, "Nimekuachia, Mama Cecil! Mungu akuone!" Nikageuka nikakuona. Mama, picha ya kwanza nilipiga miguu yangu mwenyewe.

Ukaja. Umeng'ang'ania usukani, khanga umeifunga kiunoni mara mbili, na unapiga kelele, "Sisimami! Sijui kusimama!" Hapo nikaelewa. Wilaya nzima nimetafuta mtu asiyesimama mbele ya kamera, kumbe dawa ni mtu asiyejua breki. Nikakupokea mbali, nikageuka nawe, nikabonyeza. Sikuacha. Nilikufuata na kamera jichoni ukapita kanisa, ukapita nyumba ya shemasi, mpaka ua wa Mama Somoe ulipokupokea na kulala nawe chini. Zile picha mbili zilizobaki sikuzikumbuka kabisa.

Jana fundi aliweka meza nje ya duka. Akaanza na lori la Cuthbert. Akalitazama sana, akauliza, "Linakwenda, au limeharibika?" Cuthbert akasema linakwenda, tena kwa kasi. Fundi akasema, "Mbona magurudumu yake nayasoma kama mkeka?"

Kisha akachukua yangu. Kichwa chake kikatoka kushoto kikaenda kulia, taratibu, kama mtu anayetazama mpita njia. Halafu, mama, akarudisha mguu nyuma hatua moja, kama anakupisha.

Akauliza, "Huyu ndiye panya?"

Nikasema, "Ndiye."

Akavua ufunguo shingoni. Cuthbert naye hakubaki mikono mitupu, fundi anakwenda naye Mtwara. Na yule Emilia wako wa kadi amesema nimtundike mlangoni pa chumba cha giza, ili kila atakayejifunza kwangu aone mtu aliyenyang'anywa barabara.

Nakala ya picha yako iko ndani ya bahasha hii. Nakuomba, mkasi uwe mbali.

Mwanao,
Cecil, wa duka la picha la Masasi

*

Mkunya
5 Desemba 1957

Baiskeli yako imepinda rimu ya mbele, Emilia mwanangu, na kaka yako amepata duka!

Nimeanza na rimu ili usije ukasema nilikuficha. Fundi wa baiskeli wa Newala anainyoosha, ukirudi utaikuta kama ulivyoiacha, isipokuwa kengele. Kengele hatujaiona tena. Na sasa sisi watu wawili katika nyumba hii tunaweza kuipanda, basi tutapeana zamu.

Ndiyo, ni mimi. Mama yako, mwenye watoto sita na wajukuu wawili, asiyepita darasa la nne. Mama Somoe alishika kiti siku kumi na moja mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Alisema mwanzoni, "Mama Cecil, mwili wako wa ngoma, si wa magurudumu." Nikamwambia mwanamke aliyepanda kutoka bondeni na mtungi miaka thelathini, shingo yake peke yake ni baiskeli. Kuanguka nilianguka, sikatai. Breki zilikuwepo, nilionyeshwa mara moja, lakini mtu hawezi kujifunza kila kitu kwa wakati mmoja, na kaka yako alihitaji anayekwenda. Kusimama nitajifunza mwakani.

Nilifanya kwa sababu nilimchomea mwenyewe ile picha yako. Hilo sijamwambia mtu kwa maneno haya ila wewe. Yeye hakunilaumu hata nusu neno, alisema ni panya. Mtoto anayemfichia mama yake aibu namna hiyo, ningempandia hata simba.

Sasa picha yenyewe. Nimo humo, Emilia! Kila jino. Ndui yangu ya shavuni, kovu la kidevu, maua ya khanga. Na kanisa, mikorosho, watu wote wa Mkunya waliojipaka mafuta na kusimama vizuri, wamekwenda kama upepo. Kila aliyesimama amefutika, mimi niliyekuwa naruka mashimo nimebaki. Mama wa shemasi amekasirika, alivaa viatu vipya.

Baba yako nilimwogopea. Alisimama mstari wa mbele, kifua nje, kofia mkononi, hakupepesa hata jicho. Basi yeye amekuwa mchirizi mmoja mweupe karibu na mlango wa kanisa. Aliishika picha siku nzima. Nikajua sasa itatoka "Hm." Haikutoka. Jioni akavaa koti lile lile, akaichukua, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nikamfuata kwa nyuma nisikie. Kwa mzee Silvano akaiweka mezani akasema, "Huyu ni mke wangu. Imepigwa na mwanangu, fundi wa picha wa Masasi." Mzee Silvano akauliza, "Nawe, Mwalimu, hukuwepo?" Baba yako akaweka kidole juu ya ule mchirizi. "Huu hapa," akasema, "ndio mimi. Bila mimi kusimama, yeye angeonekanaje kwamba anakwenda?" Tangu siku hiyo Makote haijatajwa nyumbani.

Alipofika kwa Mama Somoe, Mama Somoe alimwambia, "Mwalimu, mbuzi wako amepatikana." Akacheka, Emilia. Baba yako. Meno yote.

Kaka yako anafungua duka kwa jina lake. Fundi Muharami atakuwepo kumkabidhi, na mama yako mdogo Isabela ameshaanza kutwanga. Hamidu amesema lori litapita Mkunya saa moja asubuhi na halitakuwa na magunia, litakuwa na sisi. Nimemwambia Padri, nimewaambia watu wa Makote, wa Mnyambe nimewatumia salamu, na mama wa shemasi nimemwomba msamaha ili asikose. Mimi nitakaa mbele na dereva, picha nimeipakata. Walitaka niingie Masasi kwa baiskeli na ndoo kichwani, nikasema hapo sasa mnataka sarakasi.

Wewe omba ruhusa uje moja kwa moja kutoka Lindi, usipite nyumbani, nyumbani hutamkuta hata kuku. Ukishuka ukamwona kaka yako ameinua kamera, nakuomba mwanangu usisimame, usivue kofia, tembea tu na ulimi wako pembeni, atakufuata mwenyewe. Tunakungoja sote Masasi mbele ya duka, Jumamosi, tarehe 21 Desemba.

Mama yako,
Julia wa Baiskeli